Masharti ya oda na wanaoyalipia

Ukitaka kujua kampuni inaathiri vipi soko, wafanyakazi na mazingira, anza na fomu ya oda inayowatumia wazalishaji wake. Ripoti ya mwaka ije baadaye. Kwenye oda kuna siku za malipo, tarehe ya kupakia mzigo, kiasi kinachotakiwa, na kifungu kinachoeleza mnunuzi ana haki ya kufuta nini na lini. Mambo hayo manne huandikwa na ofisa manunuzi kwa dakika chache, mara nyingi kwa kunakili oda iliyopita. Ndiyo yanayoamua kama mshonaji atakesha kiwandani, kama mzigo utapanda ndege badala ya meli, na kama mtambo wa kusafisha majitaka utawashwa mwezi huu.

Siku za malipo zina hesabu nyepesi ambayo wengi hawaifanyi. Chukua kiwanda kinachomuuzia mnunuzi mmoja bidhaa za 100,000 kila mwezi, kwa sarafu yoyote, na kulipwa baada ya siku 30. Wakati wowote ule, mnunuzi anadaiwa kama 100,000 hivi. Akisogeza malipo hadi siku 90, deni linafika 300,000. Kiwanda sasa kinahitaji 200,000 zaidi za kununulia malighafi na kulipia mishahara huku kikiisubiri fedha yake. Kikizikopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, zinakigharimu 36,000 kila mwaka, yaani asilimia 3 ya mauzo yake ya 1,200,000. Kama faida ilikuwa asilimia 6, nusu imeyeyuka na bei haijaguswa.

Geukia upande wa mnunuzi. Kampuni kubwa inayokopesheka kwa asilimia 6 inaokoa 12,000 kwa kukaa na zile 200,000. Mmoja kapata 12,000, mwenzake kapoteza 36,000. Zile 24,000 za katikati hakuna aliyezipata kati yao. Zimekwenda kwa wakopeshaji, kwa kuwa mzigo wa mkopo umehamishwa kutoka kwa anayekopa kwa nafuu kwenda kwa anayekopa kwa ghali. Kabla hata ya kuzungumzia haki, huo ni uamuzi mbovu wa kibiashara, maana hizo 24,000 zitatafuta njia ya kurudi kwenye bei.

Na kabla hazijafika kwenye bei hupitia kwingine. Kwanza matengenezo ya mashine husogezwa mbele. Mishahara huchelewa wiki moja, kisha mbili. Dawa za kusafishia majitaka hupunguzwa, au mtambo huzimwa usiku wakati hakuna mkaguzi. Mwisho kabisa ndipo bei ya oda inayofuata hupanda. Mnunuzi huliona hilo la mwisho peke yake, akahitimisha kwamba mzalishaji huyu ni ghali na aanze kutafuta mwingine.

Tazama pia siku zinaanza kuhesabiwa lini. Masharti ya “siku 60 kuanzia mwisho wa mwezi” yana maana kwamba ankara iliyopokelewa tarehe 2 ya mwezi wenye siku 30 italipwa baada ya siku 88. Ukiongeza sharti kwamba ankara haihesabiki imepokelewa mpaka ghala likague mzigo, na foleni ya ghala ya wiki mbili ikaisukuma hadi mwezi unaofuata, unaweza kuvuka siku 100 ilhali mkataba unasoma 60. Umoja wa Ulaya ulijaribu kuweka mipaka kwa Agizo 2011/7/EU: taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30 kwa kawaida, kampuni kwa kampuni ndani ya siku 60 isipokuwa wakikubaliana waziwazi vinginevyo bila kumwonea mdai kupita kiasi. Anayechelewa hudaiwa riba ya angalau pointi 8 za asilimia juu ya kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya, na euro 40 za gharama za ufuatiliaji. Sheria ni nzuri, lakini muuzaji mdogo haidai ile riba, kwa sababu anajua mnunuzi atakayemdai leo ndiye anayetarajia kupata oda kwake kesho. Kwa hiyo siku za malipo lazima zirekebishwe na mnunuzi mwenyewe, ndani ya mfumo wake wa uhasibu. Kungoja malalamiko ni kungoja kisichokuja.

Kisa cha Carillion, kampuni ya ujenzi na huduma ya Uingereza, kinafaa kusomwa na kila mhasibu. Wakandarasi wake wadogo walipewa masharti ya siku 120, na aliyetaka fedha mapema aliichukua benki kwa kukatwa kiasi. Utaratibu wa benki kumlipa muuzaji mapema kisha kumdai mnunuzi hauna ubaya wenyewe. Ubaya huja pale mnunuzi anapoutumia kurefusha siku zaidi na zaidi, huku deni la benki likikaa vitabuni kama deni la kawaida la wauzaji. Carillion ilipoporomoka Januari 2018 ilikuwa inadaiwa takriban pauni bilioni 2 na wauzaji na wakandarasi wadogo wapatao 30,000. Wengi wa watu hao hawakuwa na kosa lingine ila kukubali siku 120.

Sehemu nzito zaidi ya oda, kwa maoni yangu, ni muda wa kuitekeleza. Chukua oda ya mashati 60,000, kila shati likihitaji dakika 20 za kushona. Hizo ni saa 20,000 za kazi. Kiwanda kimetenga washonaji 100, saa 48 kwa wiki, kwa ufanisi wa asilimia 80, kwa kuwa nyuzi hukatika, mashine husimama, na watu lazima wanywe maji. Kinazalisha saa 3,840 za ushonaji kwa wiki, hivyo kazi inataka wiki 5.2. Ufanisi huo ni wa kiwanda kilichopangwa vizuri, vingi haviufikii.

Mnunuzi sasa anachelewa wiki mbili kuidhinisha rangi ya kitambaa au sampuli ya kola. Tarehe ya kupakia haisogei, kwa sababu imeshaingizwa kwenye ratiba ya maduka. Zimebaki wiki 3.2. Gawanya saa 20,000 kwa wiki hizo, kisha kwa washonaji 100 wenye ufanisi uleule, unapata saa 78 kwa kila mtu kwa wiki. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Ofisa aliyechelewesha sampuli hakuandika popote “fanyeni kazi saa 78”. Amewaandikia hesabu isiyo na jibu halali.

Majibu mengine yapo, na kila moja lina gharama inayoangukia mtu aliye nje ya mkataba. Kiwanda kinaweza kumega oda na kuipeleka kwenye karakana ndogo ambayo mnunuzi haijui na mkaguzi hajawahi kuikanyaga. Hapo cheti cha ukaguzi kilichotundikwa ukutani cha kiwanda kikuu hakina maana, kwa sababu shati halikushonwa pale. Au kinaweza kuharakisha hatua zinazotaka utulivu, hasa upakaji rangi. Kitambaa kilichotolewa mapema kwenye pipa la rangi hutoka na madoa, kikarudishwa kupakwa upya, na maji, mvuke na kemikali vikatumika mara ya pili kwa kitambaa kilekile. Au mzigo upande ndege.

Hesabu ya ndege iko wazi. Mashati 60,000 ya gramu 250 kila moja ni tani 15. Meli kubwa ya makontena hutoa gramu 10 hadi 20 hivi za kaboni dioksidi kwa kila tani inayobebwa kilomita moja. Ndege ya mizigo hutoa 500 na zaidi. Kwa njia ya anga ya kilomita 8,000, tani 15 zinatoa angalau tani 60 za kaboni dioksidi. Kwa meli, hata njia ikizunguka hadi kilomita 13,000, ni tani 3 hivi. Tofauti ya tani 57 imetokana na wiki mbili za kuchelewa kuidhinisha kola. Kampuni inaweza kubadilisha taa zote za ofisi kwa mwaka mzima na isifikie tofauti hiyo.

Haraka inaua pia. Jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu wakaamriwa kurudi. Jengo lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali, na hilo lina wenyewe wa kulijibia. Ila kiwanda kinachojua kwamba siku moja ya kuchelewa italeta faini au kufutiwa oda kina sababu kubwa ya kupuuza ufa. Makubaliano ya usalama yaliyotiwa saini mwezi uliofuata kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi yalilitambua hili. Mbali na ukaguzi, yalizitaka kampuni zikubaliane na viwanda masharti ya kibiashara yatakayowezesha kugharamia ukarabati, na zisivikimbie katika miaka miwili ya mwanzo. Kwangu hicho ndicho kifungu chenye akili kuliko vyote mle, maana kinakiri kwamba nondo na milango ya dharura hulipiwa kutoka kwenye bei ya shati.

Marekebisho yake kwenye oda ni sentensi moja: tarehe ya kupakia itasogea siku kwa siku kulingana na ucheleweshaji wa mnunuzi katika kuidhinisha sampuli, rangi, lebo au vifungashio. Iwekwe na tarehe ya mwisho ya kila idhini, ikiwa na jina la cheo cha mhusika. Ndani ya kampuni, gharama ya ndege itozwe kwenye bajeti ya idara iliyochelewesha. Kwa kawaida hutozwa kwenye bajeti ya usafirishaji, ambayo haikufanya kosa lolote, na idara ya ubunifu huendelea kubadilisha kola hadi dakika ya mwisho kwa sababu kwao mabadiliko ni bure.

Kiasi nacho kina mtego wake, na wanaouingia huwa na nia njema kabisa. Duka linauza vipande 100 kwa wiki na linataka akiba ya wiki 4, yaani 400. Wiki moja mauzo yanapanda hadi 110. Duka linaagiza 110 za kufidia mauzo na 40 za kukuza akiba ifike 440: jumla 150. Muuzaji wa jumla, naye mwenye kanuni ileile ya wiki 4, anaona mahitaji yamepanda kutoka 100 hadi 150. Anaagiza 150 pamoja na 200 za akiba: jumla 350. Kiwandani, ongezeko la asilimia 10 limefika likiwa asilimia 250. Kiwanda kinaajiri vibarua, kinanunua malighafi, kinafanya kazi usiku. Wiki inayofuata duka linaagiza 110 za kawaida. Muuzaji wa jumla sasa ana 600 ghalani na anahitaji 440 tu. Anaagiza sifuri.

Hakuna aliyedanganya hapo. Jay Forrester wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alilieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Procter & Gamble walikuja kuliona kwenye nepi za Pampers, bidhaa ambayo watoto huitumia kwa kasi ileile wiki hadi wiki. Vibarua huachishwa, bidhaa za chakula hupita tarehe, kitambaa hulala hadi mtindo ukapitwa. Kisha ofa ya “nunua mbili upate moja” huja kumaliza shehena, na hiyo ofa yenyewe huanzisha wimbi jipya.

Tiba ya kwanza ni kumpa mzalishaji takwimu za mauzo halisi ya dukani, kila wiki, badala ya oda peke yake. Ya pili ni kugawa ratiba kwa vipindi: wiki 1 hadi 4 kiasi hakibadiliki kabisa, wiki 5 hadi 8 kinaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 15, zaidi ya hapo ni makadirio, lakini mnunuzi anakubali kulipia malighafi maalumu iliyonunuliwa kwa kuyafuata. Nambari hizo hubadilika kulingana na bidhaa. Kipindi kisichoguswa kiwe angalau sawa na muda wa hatua ndefu ya uzalishaji ambayo haiwezi kusimamishwa njiani.

Mwaka 2020 ulionyesha hatua hiyo inavyoweza kuwa ndefu. Watengenezaji wengi wa magari walifuta oda za chipu za kielektroniki janga la korona lilipoanza. Viwanda vya chipu vikazigawa nafasi hizo kwa watengenezaji wa kompyuta na simu, ambao mauzo yao yalikuwa yanapaa. Magari yalipoanza kununuliwa tena, nafasi haikuwapo, na chipu huchukua miezi kadhaa tangu kuanza hadi kutoka. Mwaka 2021 viwanda vya magari vilisimama duniani kote kwa kukosa vipande vya bei ndogo. Toyota, iliyoasisi utaratibu wa kutolimbikiza akiba, ilikuwa imejifunza kutokana na tetemeko la Japani la Machi 2011 na kuwataka wauzaji wake wakae na chipu za miezi 2 hadi 6. Ilibanwa baadaye kuliko wenzake. Kutokuwa na akiba kunafaa pale tu bidhaa inapoweza kupatikana upya haraka. Ukiifanya kanuni ya kila kitu, umehamishia hatari kwa wafanyakazi watakaokaa bila kazi.

Kuhusu haki ya kufuta sina mengi, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mwaka huohuo wa 2020 chama cha watengenezaji nguo wa Bangladesh kilihesabu oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilizofutwa au kusimamishwa, nyingine zikiwa tayari zimeshonwa. Mkataba useme mnunuzi anadaiwa nini kwa kila hatua: malighafi ikishanunuliwa, gharama yake yote, kitambaa kikishakatwa, gharama hiyo na kazi iliyofanyika, bidhaa ikishakamilika, bei nzima. Kifungu cha dharura isiyozuilika kiachwe kwa matukio yanayozuia kutekeleza mkataba kwa kweli. Mauzo kushuka si dharura ya aina hiyo.

Baada ya kuyarekebisha haya yote kwenye karatasi, kampuni nyingi huyavunja tena kwa sababu ya bonasi. Ofisa manunuzi anayepimwa kwa bei ya kipande na wastani wa siku za kulipa atapunguza bei na kurefusha siku, hata kama mkutano wa bodi umepitisha sera nzuri namna gani. Mpime pia kwa asilimia ya oda zilizobadilishwa baada ya kukubaliwa, kwa uzito uliosafirishwa kwa ndege, na kwa ankara zilizolipwa ndani ya tarehe. Takwimu zote tatu tayari zimo kwenye mifumo ya kampuni; kazi ni kuzitoa na kuziweka mbele ya anayemsimamia.

Bei ya kununulia inadanganya hata kwenye vifaa vya kampuni yenyewe. Zabuni ya chumba cha baridi ikiamuliwa kwa bei pekee, huweza kushinda mtambo wenye gesi ya kupozea ya zamani kama R-404A. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja hupasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi. Mfumo wenye kilo 100 unaovuja asilimia 15 kwa mwaka, kiwango cha kawaida pale mabomba yanapounganishwa ovyo, hutoa sawa na tani 59 kila mwaka, kwa miaka 15 au 20 ya uhai wake. Nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua, kwa hiyo bei ya kuijazia itapanda wakati mtambo bado mpya vitabuni. Mbadala zipo: propani, R-290, yenye madhara madogo sana ila inawaka, hivyo hutumika kwa viwango vidogo na fundi aliyefunzwa, na kaboni dioksidi yenyewe, R-744, ambayo haiwaki lakini hufanya kazi kwa mgandamizo unaoweza kuvuka bar 100, na mabomba ya kawaida hayaumudu. Zabuni iombe gharama ya miaka 15, ikiwa na umeme na gesi ya kujazia, na kipimo cha uvujaji kila miezi 6.

Utoaji wa gesi zinazopasha dunia joto unaotoka kwa wazalishaji ndio mgumu zaidi kuhesabu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2011 unaugawa utoaji wa nje ya kampuni katika makundi 15, na la kwanza ni bidhaa na huduma zinazonunuliwa. Kwa kukosa takwimu, wengi huzidisha fedha walizolipa kwa wastani wa sekta. Njia hiyo ina kasoro mbaya. Ukimbana mzalishaji akapunguza bei kwa asilimia 10, utoaji wako kwenye ripoti nao unashuka kwa asilimia 10, ingawa kiwanda kimechoma mafuta yaleyale. Ukilipa zaidi ili mzalishaji aache makaa ya mawe, ripoti inaonyesha umechafua zaidi. Yaani kipimo kinamsifu anayeminya na kumwadhibu anayegharamia mabadiliko.

Achana nayo kwa wazalishaji 20 wakubwa, ambao mara nyingi hubeba sehemu kubwa ya manunuzi, na uwaombe takwimu halisi. Walipwe kwanza ndani ya siku 30, kwa sababu kujaza fomu ni kazi na kiwanda kinachosubiri fedha hakina mtu wa kuifanya. Fomu iwe ukurasa mmoja: kilowati-saa za umeme, lita au tani za kila mafuta, kilo za gesi ya kupozea zilizoongezwa, mita za ujazo za maji yaliyoingia na kutoka, na tani za bidhaa zilizozalishwa. Chini yake iwepo safu ambamo mzalishaji ataandika oda zilizobadilishwa na mnunuzi baada ya kukubaliwa, tarehe ya mabadiliko, na kilichofanyika ili mzigo utoke kwa wakati.